Kinyama Kimeshalipiwa

Mimi hununua mahindi Mollo na vijiji vya jirani na kuyauza Sumbawanga mjini, na kazi hiyo imenifundisha kutoamini bei yoyote kabla sijaliona debe. Kuna debe lililobonyezwa kitako, kuna debe la kujazwa mpaka lifanye kichwa, na kuna debe ambalo mwenyewe anakuapia kwa Bikira Maria kwamba ni kilo ishirini, ukilipima unakuta kumi na saba. Kwa hiyo mtu akinitajia bei namwuliza: ndani kuna nini? Watu wananiita mkorofi. Jina hilo nimelizoea na halinikoseshi usingizi.

Baada ya Pasaka mume wangu, Gaudensi, alianza kushindwa ugali. Mara ya kwanza alisema tonge lilikuwa kubwa. Mara ya pili akasema ugali umekauka, yaani kosa langu. Baadaye akaacha kusema, akawa anaisogeza sahani pembeni na kuomba uji wa ulezi, na hata huo uji nikaona anaumeza huku amefumba macho. Suruali aliyoivaa Pasaka ilikuwa inamkaa vizuri. Ilipofika Pentekoste mkanda ulikuwa umeishiwa matundu, akaifunga kwa kamba na kushusha shati juu yake ili watu wa jumuiya wasione.

Tabibu wa zahanati alimwandikia karatasi: akafanyiwe kipimo cha kamera. Ni mpira mwembamba wenye taa na kamera nchani, unaingizwa mdomoni, unapita kooni mpaka tumboni, na daktari anatazama yote kwenye kioo. Gaudensi aliikunja karatasi ile akaiweka ndani ya kitabu cha sala, kwenye litania, kana kwamba watakatifu ndio wangeisoma. Nilimwachia siku mbili. Siku ya tatu niliichukua, nikaingia mjini.

Kliniki ya karibu na stendi waliniambia laki mbili na themanini elfu. Hospitali ya pili wakasema laki mbili. Hospitali ya tatu, ile iliyo juu kwenye mikaratusi, wakasema laki moja na thelathini. Nilimpigia binti yetu Faith, anayesoma Mbeya, akaniulizia huko. Sehemu moja laki na nusu, sehemu nyingine laki nne, na alisema unaweza kutembea kwa miguu kutoka hii hadi ile. Nilikaa juu ya gogo barabarani nikachemka. Koo ni lile lile, kamera ni ile ile, jina la kipimo ni lile lile, bei inaruka kama panzi! Sisi wa mahindi tungefanya hivyo tungeitwa wezi.

Nikapanda tena mpaka kule kwenye mikaratusi. Mlangoni mwa chumba cha kipimo kulikuwa na nesi mmoja anaitwa Tusajigwe, mtu wa Tukuyu, sauti yake ya chini sana hata inabidi uinamishe kichwa.

"Nesi," nikamwambia, "nieleze kwa nini pale stendi ni laki mbili na themanini na hapa ni laki na thelathini. Kamera yao ya dhahabu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndani kuna nini?"

Akacheka, akanikaribisha kwenye benchi. Akanieleza bila haraka, na lazima niseme ukweli, hakuna mtu mwingine aliyenieleza vile. Pale stendi mgonjwa anachomwa sindano ya usingizi, hajui kinachoendelea; hapa anapuliziwa dawa ya ganzi kooni tu na anakuwa macho. Wale mashine wameinunua wenyewe na lazima irudishe hela yake. Hii ya hapa ni ya msaada. Wale wanamlipa daktari kila siku awepo asiwepo mgonjwa. Hapa Daktari Basil anakuja Alhamisi tu.

"Kwa hiyo hapa sehemu ya bei unailipa kwa kusubiri," akasema. "Halafu kuna kitu ambacho watu hawaulizi, mama. Bei ya stendi ina kinyama ndani. Yetu haina."

"Kinyama gani?"

"Kamera inaona tu. Ikikuta kidonda au uvimbe haiwezi kusema ni wa nini. Sasa daktari anachukua kinyama, kadogo tu, kama punje ya ulezi. Tunakipeleka maabara Mbeya, wao ndio wanasema. Hapa hicho ni elfu sitini peke yake, pamoja na kukisafirisha."

"Na mtu akiwa hajakilipia?"

"Daktari anatazama, anatoa mpira. Mgonjwa anajipanga, anarudi Alhamisi nyingine, anaumeza upya." Akanitazama. "Na anaulipia upya."

Basi, laki na thelathini na elfu sitini ni laki na tisini. Bado ilikuwa nafuu, na sasa nilikuwa nimeliona debe. Nikarudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu, nikamweleza Gaudensi yote kama nilivyoelezwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku akikwangua tope kwenye jembe.

"Kipimo nakubali," akasema. "Kinyama sikilipii."

"Kwa nini?"

"Ukilipia kinyama umeshasema kuna kitu. Unanichuria, Mama Faith."

Hapo sina budi kuwaeleza habari za nyumba ya kina Gaudensi kule Mwazye. Baba yao, mzee Polikarp, aliumwa muda mrefu. Mtoto wake mmoja akaona mbao zinauzwa bei nzuri, akanunua za jeneza mapema, akazipanga darini. Mzee akaziona. Akaukataa uji siku ile ile, na hakumaliza wiki. Tangu hapo, watoto wote wa Polikarp hawanunui kitu chochote cha ugonjwa kabla haujajulikana, na hata ukijulikana hawautaji jina. Ukiwauliza dada yao alikufa na nini, ni homa. Baba mdogo, homa. Yule aliyevimba mguu mwaka mzima mpaka ukakatwa, naye homa. Mimi ni mzaliwa wa Mollo, kwetu watu huumwa kwa majina.

Tulibishana siku nzima. Nilimwambia mbao si kinyama. Akaniambia vyote ni maandalizi. Nilimwambia akikutwa na kitu itabidi aumeze ule mpira mara mbili. Akasema hatakutwa. Nikamwita mbishi, akaniita mkorofi, tukawa sawa.

Jumatatu tulikwenda wote kulipia. Dirishani alikuwa Jafeti, kijana mstaarabu mwenye miwani. Akauliza kama aandike na kinyama. Gaudensi akainamisha kichwa mpaka kwenye tundu la kioo akasema, "Andika kipimo tu." Jafeti akanitazama mimi. Mimi nikatazama tangazo la unawaji mikono.

Mchana nilirudi peke yangu.

"Mama, mbona asubuhi mlikataa?" Jafeti akauliza.

"Asubuhi nilikuwa na mume."

"Nakutahadharisha tu. Msipokihitaji, kurudishiwa hela ni mpaka uandike barua, na inachukua muda."

"Andika."

Akanipa namba ya malipo, nikalipa kwa simu palepale elfu sitini ya mtaji wangu wa mahindi. Nikamwomba aibane ile risiti ndani ya faili la Gaudensi, asinipe mkononi. Nikashuka ngazi. Niliogopa, sijui neno jingine la kusema. Mwanamke anayelipia kinyama cha mumewe kwa siri hafanyi hivyo kwa sababu anadhani mumewe ni mzima.

Alhamisi tulikuta watu sita kwenye benchi, wote hawajala tangu jana, wote wanaangalia chini. Aliyetutangulia kuingia alikuwa mama mmoja anaitwa Monika, kutoka upande wa Laela. Alikuja na mdogo wake. Alikaa ndani muda mfupi tu, kisha mlango ukafunguliwa na Tusajigwe akauliza kama kinyama chake kimelipiwa, maana daktari ameona kitu. Mdogo mtu akaanza kupiga simu. Wa kwanza hakupokea. Wa pili akasema atatuma jioni. Haikuwezekana kumwacha mtu na mpira kooni mpaka jioni. Monika akatolewa akijifuta mdomo kwa khanga, akaambiwa Alhamisi ijayo.

Gaudensi alimtazama yule mama, akanitazama mimi, akatazama ukuta. Nikasema huyu sasa atabadilika, atasema mwenyewe, na lile la siri nitaliungama tukicheka.

"Baba Faith," nikamwambia, "tukalipie?"

"Yule ni yule," akajibu. "Mimi ni mimi."

Akaitwa.

Yaliyotokea ndani nilisimuliwa na Tusajigwe baadaye. Alilazwa ubavu, akapuliziwa ganzi, akawekewa kidude cha plastiki kati ya meno ili asiung'ate mpira. Mtu akiwa hivyo hawezi kusema neno, lakini anasikia yote. Daktari Basil alifika katikati ya umio, ile njia ya chakula, akasimama. Akauliza, "Huyu kinyama vipi?" Tusajigwe akafunua faili, akaiona risiti, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Kinyama kimeshalipiwa, daktari." Gaudensi akafumbua macho. Tusajigwe anasema amefanya kazi ile miaka minne na hajaona mtu akimtazama vile. Daktari akachukua punje zake, akamaliza, kazi ikaisha.

Alipotoka hakunisemesha. Nilidhani ni ganzi. Tuliteremka chini ya mikaratusi, upepo wa mwezi wa sita unakata masikio, yeye mbele mimi nyuma. Mwisho akasimama.

"Ulilipa lini?" Sauti ilikuwa inakwaruza.

"Jumatatu. Mchana."

"Alikupunguzia?"

"Sikuomba anipunguzie."

Akageuka. Miaka ishirini na sita nimeishi na mwanaume huyu. Amenishuhudia nikigombea shilingi mia ya nyanya. Nilibishana bei na fundi aliyetushonea nguo za harusi, tena siku yenyewe ya harusi. Alinitazama muda mrefu, na nikaiona ile hasira ikimtoka usoni na kitu kibaya zaidi kikiingia. Wala mimi sikuwa nimekusudia kumtisha. Nilijibu nilichoulizwa.

Kesho yake akafunga nguo mbili kwenye mfuko akasema anakwenda Mwazye kumsaidia kaka yake Kasimiri kupura ulezi. Mtu asiyeweza kumeza maji vizuri anakwenda kupura ulezi! Sikumzuia. Nilijiambia akiniacha kwa elfu sitini basi aniache. Usiulize kama nilikuwa namaanisha.

Wiki tatu zilipita. Nikimpigia, anapokea Kasimiri na kuniambia mdogo wake yuko shambani. Alhamisi moja, kwa kuwa nilikuwa mjini na mzigo, nilipanda kule hospitali kumwulizia yule Monika wa Laela kama alirudi. Tusajigwe akatikisa kichwa. Hakurudi Alhamisi ile wala iliyofuata. Namba aliyoiacha ilikuwa haipatikani.

Halafu Tusajigwe mwenyewe akanipigia. Majibu yalikuwa yamefika kutoka Mbeya, na daktari alitaka kumwona mgonjwa mwenyewe.

"Yanasemaje?"

"Mama, hilo siwezi. Ni ya kwake."

Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikambembeleza tena. Alikataa, na moyoni nilimheshimu, ingawa wakati ule nilimkatia simu.

Nikapanda gari la Matai, toka pale nikachukua bodaboda mpaka Mwazye. Niliwakuta uwanjani kwa Kasimiri, ulezi umetandazwa, vumbi limewajaa kwenye nyusi. Gaudensi alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, anapepeta kidogo kidogo. Mifupa ya mabega ilionekana juu ya shati. Nilipomwona hivyo hasira yote niliyokuja nayo toka Sumbawanga ilinitoka, nikabaki na huruma tu, na huruma ni mzigo mbaya unapotaka kugombana.

"Shikamoo, shemeji," nikamwamkia Kasimiri.

"Marahaba, shemeji. Karibu. Kwema?"

"Kwema. Nimekuja kwa ajili ya majibu ya Baba Faith. Yamefika."

Kasimiri akaacha kupiga ulezi. Ni mtu mzito, si mtu wa maneno. "Shemeji, hapa kwetu hayo hatuyazungumzi."

"Najua. Na kwa heshima yote, shemeji, nyumba hii mmekuwa mkifa bila kuambiwa kwa nini."

Nilijua nimevuka mpaka. Mke hamwambii hivyo kaka wa mumewe, tena uwanjani kwake, mbele ya wake zake na wajukuu. Mtu mmoja aliguna. Kasimiri aliweka fimbo yake chini taratibu, akaingia ndani ya nyumba na kufunga mlango.

Nikachuchumaa mbele ya Gaudensi.

"Nimekosa kukuficha," nikamwambia. "Hilo nakuomba msamaha, mbele ya hawa wote. Sijakosa kulipa. Kinyama kile ni chako na majibu ni yako. Mimi nimekuja kukuambia tu. Kwenda kuyachukua sitakwenda, na kukuvuta sitakuvuta."

Aliendelea kupepeta. Nilisaidia wanawake kuchota ulezi kwenye magunia mpaka jua likashuka, nikapewa pa kulala kwa mke mdogo wa Kasimiri. Asubuhi nilipotoka nje kunawa, nilimkuta Gaudensi amekaa kwenye kizingiti, amenyoa ndevu na kuvaa viatu.

"Gari la kwanza linapita saa ngapi?" akauliza.

Kule hospitali Daktari Basil hakuzungusha maneno. Alimvutia kiti, akakaa naye magoti kwa magoti, akasema, "Mzee Gaudensi, majibu yanaonyesha ni kansa ya umio. Wengi wanaonijia nayo hapa, hata mate hayapiti tena. Wewe bado unameza uji. Sitakuahidi kitu, lakini tuna pa kuanzia." Akasema kinachofuata ni picha ya CT Mbeya, kuona kama imetoka nje ya umio, na kutoka hapo ndipo watajua kama ni upasuaji au mionzi. Akataja sehemu mbili za kupiga picha ile, na bei zake, na kwa nini hazilingani. Safari hii sikuuliza kitu. Nilikuwa naangalia mikono ya mume wangu, ilikuwa imetulia mapajani kama anasikiliza bei ya mbolea.

Tukatokea kwenye korido. Watu walikuwa wamejaa, ilikuwa Alhamisi. Mimi nilitafuta pa kushika nikashika ukingo wa dirisha la Jafeti. Gaudensi akatoa simu yake, ile ndogo ya vitufe, ambayo ukiongea nayo mtaa mzima unasikia pande zote mbili.

"Kaka, shikamoo." Alikuwa akiongea Kifipa. "Ndiyo, nimepewa. Ni kansa."

Neno lile alilitamka vile vile alivyolitamka daktari. Watu wa korido wakageuka. Sauti ya Kasimiri ikapasuka kwenye simu: asilitaje, asilitaje hilo neno, ana wazimu?

"Nimeshalitaja, kaka, na bado nimesimama," Gaudensi akasema. "Nisikilize. Yule ng'ombe dume wangu mweusi aliyeko hapo kwako mpeleke mnadani Jumamosi. Usimtoe kwa hasara. Hela itume kwa Mama Faith, ndiye anayelipa."

Akakata. Akaiweka simu kwenye mfuko wa shati, akanigeukia na kuniuliza Mbeya tunaondoka siku gani. Nilitaka kumjibu Jumatatu, lakini nilikuwa nalia kwa sauti, mbele ya Jafeti na foleni yake yote, na sikuona haya hata kidogo.